Tanzia: Chumba cha Twiga, Kakamega

Kwa masikitiko tunatangaza kifo cha Chumba cha Twiga, mkazi wa Kakamega. Marehemu alikuwa chumba cha kulala wageni, mwana wa loji za mbugani na mjukuu wa hoteli ya juu ya mti. Alikuwa ndugu wa Chumba cha Simba, Chumba cha Tembo na Chumba cha Kifaru, ambao wote wametangulia mbele ya haki. Hakufa kwa moto wala kwa mafuriko. Alikarabatiwa.

Waliowahi kulala kwake wanamkumbuka kwa sura. Mlangoni hapakuwa na namba, palikuwa na kibao cha mbao chenye jina lililochomwa kwa chuma cha moto. Ukuta wa kichwani mwa kitanda ulichorwa twiga wawili chini ya mgunga, na nyuma yao jua likizama kwa rangi ya chungwa ambayo anga la Kakamega halijawahi kuiona. Mapazia yalikuwa ya kitenge, na shuka ya juu ilikuwa na milia ya pundamilia. Taa ilisimama juu ya kichwa cha kinyago. Palikuwa na ngao ya Kimaasai, kibuyu chenye shanga kisichowahi kutiwa maziwa, na batiki ya wanawake watatu waliobeba mitungi, nyuso zao zikiwa hazijachorwa macho wala midomo. Sabuni ilikaa kwenye kisahani cha jiwe la Kisii. Mgeni akiamka usiku kutafuta swichi alijua, hata kabla ya mwanga, kwamba hayuko kwake.

Nasaba ya marehemu yafaa kutajwa, maana hakuzaliwa hapa. Babu yake ni Treetops, iliyojengwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo karibu na Nyeri na Eric Sherbrooke Walker. Hapo ndipo alipolala binti mfalme Elizabeth usiku wa Februari 1952, baba yake alipofariki Uingereza. Nyumba hiyo iliteketezwa na Mau Mau mwaka 1954, ikajengwa upya mwaka 1957. Wazo lake lilisalimika na moto huo: kwamba mgeni halipii godoro peke yake, bali hulipia hadithi ya kwenda kuwasimulia watu wa kwao. Mwaka 1962 ikaja Kilaguni, loji ya kwanza ndani ya mbuga ya taifa nchini, huko Tsavo Magharibi. Baada ya uhuru serikali iliunda Shirika la Maendeleo ya Utalii, KTDC, mwaka 1965, na miaka ya 1970 ilikuwa ya kuvuna. Kule Taita, kampuni ya Hilton ilipandisha vyumba vya mviringo vya Salt Lick juu ya nguzo, tembo wakinywa maji chini yake. Kule Mara, Serena ikajengwa kwa umbo la manyatta. Kila loji ilichagua sura, na sura hiyo ikaingia hadi kwenye vishikio vya milango.

Upande wa wajomba, marehemu alitoka kwa mafundi. Mutisya Munge wa Wamunyu alijifunza kuchonga akiwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, akarudi Ukambani na ujuzi ambao kufikia mwaka 1963 ulikuwa umezaa ushirika mkubwa wa wachongaji kule Changamwe, Mombasa. Tabaka, katika nchi ya Wagusii, ilitoa jiwe laini la visahani na viboko vidogo. Jijini Nairobi, mwaka 1972, Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais, pamoja na Mmarekani Alan Donovan, walifungua African Heritage, na sanaa ya bara zima ikapata mahali pa kuuzwa kwa heshima, si kando ya barabara tu. Mwenye hoteli aliyetaka chumba chake kiwe na sura hakukosa pa kununua.

Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, na wageni wake walikuwa wa kazi: wakaguzi wa shule na wa hesabu, mahakimu wa kuzunguka, wauzaji wa mbegu na dawa za ng'ombe, na wazungu wachache wenye darubini waliokuja kutazama ndege msituni. Serikali ilikuwa na Golf Hotel yake kando ya uwanja wa gofu, chini ya KTDC. Wenye gesti ndogo za mjini hawakuwa na msanifu wa ndani. Walikuwa na kalenda ya benki yenye picha ya Amboseli, na walikuwa na mchoraji wa vibao. Ni yuleyule aliyeandika bei ya matumbo kwenye kioo cha bucha na kuchora jogoo kwenye ukuta wa kibanda cha ugali. Aliitwa, akapewa makopo matatu ya rangi na picha ya kalenda, akaambiwa aanze na chumba cha kwanza. Simba alitoka na uso wa mtu anayedaiwa kodi. Twiga alitoka na shingo iliyokunjika kwa kukosa nafasi chini ya dari. Hakuna aliyelalamika.

Tanzia inayompamba marehemu kupita kiasi haimsaidii yeye wala waliobaki, kwa hiyo tuseme ukweli. Marehemu alikuwa mwongo. Hakuna twiga Kakamega. Hakuna tembo, hakuna simba, na ngao ya Kimaasai ukutani ilikuwa imesafiri mbali zaidi ya mgeni aliyelala chini yake. Ukikagua chumba chote ulikuta Ukambani kwenye taa, Gusii kwenye sabuni, Umaasaini ukutani na pwani kwenye makuti ya baa ya nyuma, yaliyovuja kila alasiri kwa sababu mvua ya huku si ya kuezekea makuti. Ulikuta Kenya nzima isipokuwa mahali ulipokuwa umelala.

Na mahali penyewe hapakuwa maskini wa mambo. Upande wa mashariki wa mji umesimama msitu ambao ni ncha ya mwisho upande huu ya misitu mikubwa ya Kongo, wenye aina zaidi ya 300 za ndege, na vipepeo ambao wataalamu huhesabu aina zao kwa mamia. Mna mbega weusi kwa weupe, na ndege mkubwa wa buluu aitwaye turako, anayeruka kwa uzito kama mtu aliyebeba gunia. Kusini, Isukha na Idakho, kuna fahali wa kupiganishwa wenye majina na mashabiki, wanaosindikizwa uwanjani alfajiri kwa nyimbo na vumbi. Kuna jiwe la Ilesi linalochuruzika maji kando ya barabara ya Kisumu, na wafinyanzi wa Ilesi hapo karibu. Kuna Rosterman, mgodi uliochimba dhahabu tangu enzi za mbio za dhahabu za miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1952, na jina lake bado ni jina la mtaa. Mchoraji wa vibao aliyajua haya yote. Alikuwa akienda kutazama fahali Jumamosi. Lakini hakuna mwenye gesti aliyempa picha ya kalenda yenye fahali wa Idakho, kwa sababu kalenda ya namna hiyo haikuwepo.

Ugonjwa uliomuua ulikuja polepole na kwa njia nyingi. Ulianzia mbali, kitandani. Mwaka 1999 kampuni ya hoteli ya Westin, huko Marekani, ilianza kuuza usingizi wenyewe: kitanda cheupe kote, duveti nene, mito iliyorundikwa. Wenzake waliiga, na baada ya miaka michache weupe ukawa ndio ushahidi wa usafi duniani kote. Hoja yao si ya kubezwa. Shuka yenye milia ya pundamilia huficha doa, na mgeni aliyewahi kulala na kunguni hataki tena kufichwa kitu. Batiki hupauka, kinyago hukusanya vumbi, zulia la manyoya hunuka. Mwanamke anayesafisha vyumba kumi na viwili kabla ya saa sita hana muda wa kufuta shanga moja moja.

Kisha akabadilika mgeni. Tangu serikali za kaunti zianze mwaka 2013, Kakamega imekuwa mji wa semina. Mgeni wa leo huja na beji shingoni na kompyuta mkobani, hulipiwa chumba na mradi au na idara, huamkia ukumbini na kulala saa tano akiandika ripoti. Anataka intaneti, soketi karibu na kitanda, maji ya moto na risiti. Hakuja kusikia hadithi, na kama angetaka kuisikia, fomu ya kurudishiwa gharama haina mstari wake. Ukaguzi wa nyota za hoteli, unaofuata vigezo vya pamoja vya Afrika Mashariki, humuuliza mwenye hoteli juu ya vitanda, mabafu, jikoni na usalama, na ndivyo inavyopaswa. Mwenye hoteli mwenye mkopo wa benki hutumia pesa kule anakoulizwa.

Vifaa navyo vikashuka bei. Kiwanda cha vigae cha Kajiado kilifunguliwa mwaka 2016, na vigae vilivyokuwa anasa vikawa jambo la kawaida hata kwenye nyumba za kupanga. Fundi wa jipsamu akaingia kila mji. Leo chumba hufanyika kwa wiki mbili: vigae vya krimu, dari ya jipsamu yenye taa za kujificha, ukuta wa kijivu, televisheni ya kubandika, kitambaa chembamba cha rangi ya damu ya mzee kilichotandazwa miguuni pa kitanda cheupe. Kinapigwa picha kwa simu, kinapandishwa mtandaoni, na kwenye kioo kidogo cha simu kinapendeza kuliko twiga mwenye shingo iliyokunjika. Mwenye hoteli alikuwa na haki ya kuchagua hivyo. Hakuna mtu mmoja wa kushtakiwa kwa kifo hiki, na ndiyo maana hakuna aliyelia.

Wala msiba huu si wa Kakamega peke yake. Huko Florida, kampuni ya Walt Disney ilifungua bustani yake mwaka 1971 ikiwa na hoteli zilizojengwa kwa hadithi, moja ya visiwa vya Pasifiki, nyingine ya dunia ya kesho. Wageni wa miaka mingi huko nao wananung'unika kwamba kila ukarabati unavifanya vyumba vifanane: mazulia yenye nakshi yameng'olewa, pamewekwa sakafu ngumu ya mfano wa mbao na kuta zisizosema kitu. Lakini hata katika kufifia huko kuna jambo la kututia haya kidogo. Tangu mwaka 2001 Disney ina hoteli ya Kiafrika, yenye pundamilia na twiga hai chini ya madirisha, na majina ya sehemu zake ni Jambo, Kidani, Boma, Jiko na Sanaa. Mtoto wa Orlando analala kwenye nyumba iitwayo Jambo na kula Boma. Mjumbe wa kamati wa kutoka Mumias analala Kakamega katika chumba 204.

Sasa swali la waombolezaji: kwa nini kumlilia mwongo? Jibu la kwanza ni kwamba alilisha watu. Uongo wake ulichorwa kwa mkono, ukachongwa kwa mkono, ukashonwa kwa cherehani ya mtaani. Kila ngao ya bandia ilikuwa karo ya mtu. Jibu la pili ni kwamba aliyemrithi si mkweli zaidi yake. Tazama ukuta wa chumba kipya. Hauko mtupu. Pana picha ya turubai iliyoletwa kwa kontena, ya mnara wa Paris wakati wa mvua, ya daraja la New York, au ya tawi la mti usio na jina ndani ya chungu kisicho na nchi. Uongo haukuisha, umehamishwa tu. Zamani tulidanganywa kwamba tuko Amboseli, leo tunadanganywa kwamba hatuko popote. Ule wa kwanza angalau ulimkumbusha mgeni kwamba amefika mahali.

Marehemu ameacha ndugu aliyewahi kuzikwa akafufuka, na habari zake zinafaa kusimuliwa matangani. Mwaka 2004, sheria alizosimamia Waziri John Michuki zilizipaka matatu zote mstari wa manjano na kufuta michoro. Wachoraji wakanyamaza miaka kadhaa. Baadaye, katika utawala wa Rais Uhuru Kenyatta, michoro ikaruhusiwa tena, na leo matatu ya Nairobi ina sura kuliko hoteli ya Nairobi. Tofauti yao ni kwamba matatu ina abiria anayechagua. Kijana husimama stejini akaziacha mbili zilizopauka akapanda ya tatu iliyochorwa, na mwenye gari akaliona hilo kwenye hesabu za jioni. Chumba cha hoteli hakina steji. Mgeni wa semina hachagui chumba, amechaguliwa. Asiyelipa kwa mfuko wake hawezi kuokoa sura ya kitu.

Wapo jamaa wachache walio hai. Ndani ya msitu, upande wa Buyangu, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina nyumba ya wageni iliyopewa jina la ngoma ya isukuti, na mabanda ya mviringo yaliyoezekwa nyasi, nyasi zinazojua mvua ya hapa. Upande wa pili, nyumba ya wageni ya Rondo imeitunza nyumba ya zamani ya mwenye kiwanda cha mbao, ikiwa na veranda na bustani inayoishia pale miti mikubwa inapoanzia. Hakuna ngao huko. Sura yake inatoka dirishani. Hizi ni nyumba za msituni, hata hivyo. Mjini, ambako wengi hulala, hakuna mrithi aliyetajwa.

Na hapo ndipo uchungu wa msiba huu ulipo. Chumba cha Twiga alikufa kabla hajakua. Hadithi ya kuazima ni hatua ya kwanza ya kila mwenye kuanza, na kama angeachwa miaka ishirini zaidi huenda angechoka na twiga, akamwita tena yule mchoraji, akamwambia: chora unachokijua. Tungepata Chumba cha Fahali, Chumba cha Mbega, Chumba cha Rosterman. Tungepata chungu cha Ilesi chini ya taa badala ya kinyago cha mbali. Hata kijivu cha vyumba vipya tungekipa maana, kwa maana msitu huu ndio makao ya kasuku wa kijivu wachache waliobaki porini nchini Kenya, na kasuku huyo kijivu chake huishia kwenye mkia mwekundu.

Wapo watakaosema utamaduni si pambo la chumba, na wana hoja. Isukuti si picha. Ni ngoma tatu zinazopigwa pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, katika harusi, katika kuzaliwa mtoto na katika mazishi. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wapigaji wanazeeka, pesa ni chache na vifaa vya kutengenezea ngoma havipatikani kwa urahisi. Ngoma iliyotundikwa juu ya televisheni haiokoi kitu, inaweza hata kuwa jeneza. Lakini hoteli inayomnunulia fundi ngoma tatu kila mwaka, ikawalipa wapigaji wacheze Ijumaa jioni, ikaeleza kwa sentensi nne ukutani ngoma hizo ni za nini, imefanya zaidi ya kupamba. Imekuwa mteja, na fundi wa ngoma mwenye mteja ana sababu ya kumfundisha mwanawe.

Kulingana na desturi za huku, baada ya mazishi wazee huuliza hadharani: nani anamdai marehemu, na nani anadaiwa naye? Wachoraji wa vibao wanamdai shukrani, maana wengi wao sasa kazi yao hufanywa na mashine ya kuchapa mabango. Wachongaji wa Wamunyu na wachonga mawe wa Tabaka wanadai oda ambazo hazikurudiwa. Yeye mwenyewe anawadai wenye hoteli kitu kimoja: ukuta. Si kuta zote. Duveti libaki jeupe, soketi zibaki kando ya kitanda, kunguni wasipewe tena pa kujificha. Ukuta mmoja tu katika kila chumba, na jina mlangoni. Gharama ya jina haizidi ya bango la namba, na mchoro wa mkono hauhitaji kusafiri kwa kontena.

Deni hilo lina wa kulilipa. Kaunti inayolipia semina nyingi za mji huu ndiyo hiyohiyo iliyo na idara ya utamaduni na utalii. Ikiuliza, kabla ya kulipia vyumba hamsini, ni kitu gani cha Kakamega kilichomo ndani ya vyumba hivyo, jibu litapatikana kabla ya mwaka wa fedha kwisha. Wenye hoteli wanajua pa kuanzia. Ilesi iko kwenye barabara ya Kisumu, bodaboda zinafika, na vyungu vimepangwa kando ya lami.